Kabuti la Babu Yako Juu ya Spika

Jerono,

Wewe mtoto, kutoka Kimumu mpaka hapa Soy ni mbali gani? Watu wanatoka huko asubuhi, wanakuja sokoni, wanabishana bei ya viazi, na kabla chai ya saa nne haijapoa wamerudi kwao. Wewe ulikaa. Tulipanda mahindi, yakafika magotini, nikasema atakuja kupalilia. Yakatoa mbelewele, nikasema huyu hawezi kukosa ya kuchoma. Yakakauka, tukayakata, tukayasimamisha shambani, na wewe bado. Kila gari la bluu likikata kona hapo dukani, mimi nasimama na mkono juu ya macho kama askari wa zamu, kumbe ni mtu anapeleka mbolea. Usinifanyie hivyo tena. Mtu akikasirikia kogo wake, nyanya aliyemlea, anakuja kukasirika jikoni, akiwa anakula.

Hayo nilikuwa nimeyapanga nikupige nayo leo ulipofika. Sikuweza, kwa sababu ya kile ulichonifanyia ndani ya gari. Ndiyo maana nayatoa hapa kwanza, nipumue.

Anayeandika ni Mama Njeri. Mimi shule niliiona kwa nje nikipita na ng'ombe, hilo unajua. Amefunga duka mapema, ameketi mezani kwangu, na nimemwambia asichanganye maneno yake na yangu. Alikuwa ameshaanza na "natumai u mzima wa afya." Nikamwuliza, "Si ametoka hapa leo hii? Si umemwona akimaliza kibuyu chote cha maziwa ya mursik? Futa." Amefuta. Akimaliza kipande ananisomea kwa sikio la kushoto, ndilo bado linafanya kazi kidogo, na anapiga kelele mpaka mbwa anatoka nje.

Utajiuliza mbona barua, na kesho asubuhi utapita hapa ukielekea Kitale, uendelee mpaka hiyo Lodwar yako ya kazi mpya. Ni kwa sababu nikikuambia kwa mdomo, utanijibu, na jibu lako sitalisikia. Nitasema "ee, ee" kama ninavyowaambia watu wote. Juzi nimemwambia daktari wa mifugo "ee, ee" na kumbe alikuwa ananiuliza kama yule ng'ombe mwekundu amekufa. Mtu ameniombolezea ng'ombe mzima, amesimama hapo nje anatafuna.

Na swali lako la leo si la kujibiwa hivyo. Ulinipigia kelele sikioni, machozi yako yakanilowesha shingo: "Kogo, nizitoe spika nikuachie wewe, ama niende nazo?" Nikakuambia kesho utapata jibu. Ukaenda Kimumu kufunga mizigo. Sasa jibu nakupa hapa, lakini nitalifikia kwa njia yangu, na wewe utasoma yote. Usiruke.

Mambo ya kula na kulala na kufunga mlango sitasema. Mama Njeri ameuliza kama aandike uchemshe maji ya kunywa. Nimemwambia huyo nimemlea mimi mwenyewe, maji anajua. Nataka kukuambia juu ya jua.

Jua letu hili linadanganya watu. Asubuhi unatoka na sweta mbili, pumzi inafuka mdomoni, umande unauma vidole vya miguu. Jua likitokea unalipa mgongo na unashukuru. Hata saa sita mchana, ukiingia kivulini unatafuta shuka. Sasa mtu wa huku ataamini vipi kwamba jua kama hilo linaweza kuchoma kitu? Sisi tunalihesabu kama mgonjwa. Tunasema jua lenyewe liko kule chini Baringo, ama huko Turkana unakokwenda, na la kwetu ni taa tu ya kuonyesha njia. Hivyo ndivyo nilivyofikiri mpaka nywele zikawa nyeupe, na sikuwa peke yangu. Mama Njeri hapa anatikisa kichwa kukubali.

Babu yako hakufikiri hivyo. Lakini hakueleza, na mimi sikuuliza. Ndivyo tulivyoishi mambo mengi.

Alipopata lile gari la bluu, kabla hata ya kulibadilisha magurudumu, alikwenda mjini wakamtobolea ule ubao wa nyuma ulio chini ya kioo, wakamtia spika mbili pana kama sahani za wageni. Akarudi akaniita nje, nami nina unga mikononi. "Njoo usikie," akasema. Nikasikia. Ilikuwa kaseti ya kwaya yao ya kanisa, na yeye humo ndani kwenye besi, anaunguruma kama lori linapanda mlima. Uso wake ulikuwa unang'aa. Nikamwambia, "Punguza hiyo kelele. Kuku ametoka kwa mayai."

Na kweli kuku alikuwa ametoka. Lakini Jerono, katika maneno yote niliyowahi kumwambia yule mzee, hayo ndiyo yanayonirudia. Nilikuwa na masikio mazima. Ningesimama kidogo tu.

Hakukasirika. Alipunguza. Tangu siku hiyo, akimaliza kukama jioni, alikuwa anaingia ndani ya gari peke yake, anafunga milango na vioo ili nisisumbuke, anasikiliza. Mimi nikipita na ndoo namwona kupitia kioo, midomo yake inaenda, hakuna kitu ninachosikia. Nikawa nacheka na jirani: mume wangu anasali na gari.

Akitoka humo alikuwa na kazi moja hakuiacha kamwe. Analirudisha gari kinyumenyume chini ya paa la stoo ya mahindi, mgongo ndani, uso nje. Na kama stoo imejaa na gari lazima likae uani, anatandika blanketi juu ya spika, anaingiza kingo vizuri, namna unavyofunika mtoto. Mimi nikaona blanketi zima linalala kwa gari wakati wewe, mdogo hivyo, unakohoa kwa baridi. Nikalichukua. Akaleta lingine lililochakaa. Hilo nalo nikalichukua nikamfunga ndama. Basi akaanza kuvua kabuti lake, lile zito la kijivu la kukamia, analilaza hapo. Hilo sikuligusa. Lilikuwa linanuka maziwa na tumbaku na yeye.

Alipotuacha, kabuti likarudi kwa msumari nyuma ya mlango, na gari likabaki uani kwa sababu stoo ilikuwa na mahindi. Lilisimama hapo na vioo vimefungwa, uso umeelekea mashariki, mgongo magharibi. Sikufikiri juu yake. Mtu mzima ameondoka, nifikirie gari?

Unakumbuka mvua ya mwezi wa nane inavyotutesa na maharagwe. Unaanika, linakuja wingu, unakimbia na turubai, unaanika tena, linakuja lingine. Siku moja mvua ilinikimbiza nikatupa sinia ndani ya gari, nikafunga mlango, nikasahau. Kesho yake jua likatoka, hili letu la baridi. Alasiri nikafungua mlango kutafuta sinia. Wewe! Joto lilinipiga usoni kama nimefungua tanuri la mkate. Nikachukua haragwe moja nikaling'ata, likalia ka! Kavu kabisa. Nikasimama pale, nusu ya mwili wangu nje ina sweta, nusu iko ndani inatoka jasho, nikashangaa mpaka nikasahau kufunga mdomo. Kumbe tuna nyumba ya moto hapa uani na hatuna habari?

Basi nikawa mtu mkubwa. Kila aliyenyeshewa alinijia. Pilipili, dania, majani ya kunde, mbegu za malenge. Mama Njeri amesimamisha kalamu, anasema yeye alileta mara moja tu. Andika, Mama Njeri. Ulileta maharagwe yako ya njahi, ukaleta na viatu vya shule vya Njeri. Mimi nilikuwa nahamisha masinia kufuata jua, kwa hivyo nililijua lile gari kama ninavyojua jikoni kwangu. Asubuhi jua linakaa kwa usukani. Mchana linapanda juu ya paa. Halafu jioni linaingia na kioo cha nyuma, linakaa juu ya ule ubao, na halitoki mpaka litue. Hapo kwa ubao palikuwa pakavu kuliko pote. Hapo ndipo nilipoanika mbegu zangu bora, juu kabisa ya zile spika za babu yako, maana zilikuwa na wavu mzuri wa kushikilia sinia.

Zile mbegu hazikuota. Nilizipanda kwa mistari, nikazingoja, hakuna. Nikalaumu fuko. Mwaka uliofuata nikalaumu mvua. Jerono, jua lilikuwa limeua mbegu ndani ya ganda lake, haragwe linang'aa kwa nje, zuri, na ndani hakuna mtu. Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yangu na sikuliona, kwa sababu mgongoni mwangu nilikuwa nasikia baridi.

Halafu ukaja wewe, wakati wa kupanda mwaka huu, fundi mzima wa redio za magari, watu wa mjini wanakuita kwa jina. Ulikuwa umemtafuta mtu akautoa wimbo wa babu kwenye kaseti akauweka kwa flashi. Ukasema, "Kogo, leo utamsikia." Nilikuwa nimeshaanza kupoteza masikio, lakini ndani ya gari, milango ikiwa imefungwa, ulisema nitasikia. Nikavaa kitambaa safi cha kichwa. Nikakaa.

Ulipowasha, nilisikia kitu kama mtu anakwangua ukoko wa ugali kwa sufuria. Basi. Ukaongeza, kikakwangua zaidi. Ukazima, ukaenda nyuma, ukatoa sinia yangu, ukafungua wavu. Nilikuona mgongo tu. Ulipogeuka ulikuwa na spika mkononi, na ule ukingo wake laini unaoshika ile karatasi ya kutoa sauti ulikuwa unaanguka kama majivu ya sigara. Karatasi yenyewe imekuwa rangi ya majani makavu ya ndizi. Ukaniuliza kitu, unaonyesha kioo cha nyuma. Nikakuambia jua la Eldoret halifanyi hivyo. Ukaniuliza tena, sasa unalia, na nilisikia jina la babu yako. Nami, kwa aibu, nikakasirika. Nikasema, "Unalilia nini? Ni karatasi tu."

Nilikuona uso. Ukarudisha spika ndani polepole, ukashuka, ukanisaidia na mimi kushuka, kwa heshima, hiyo ndiyo iliuma, ukaondoka na gari. Ukakaa Kimumu.

Na sasa nasema ya leo, ndiyo nataka Mama Njeri aandike vizuri, asiharakishe.

Uliniweka kiti cha nyuma, si cha mbele. Ukageuza mwili wangu nikatazama kioo. Ukaniondolea wavu nikaona: karatasi ni ile ile ya zamani, ile ya rangi ya jani kavu, lakini imepakwa kitu, na ukingo ni mpya, mweusi, laini kama sikio la ndama. Ukanipigia kelele kwa sikio la kushoto, ukanieleza. Kwamba kubadilisha spika nzima ingekuwa rahisi, hata wenzako kazini walikucheka wakasema tupa. Kwamba ulikataa, kwa sababu hiyo karatasi ndiyo iliyotikiswa na sauti yake wakati yeye mwenyewe amekaa hapa anasikiliza. Kwamba uliubandika ukingo, ukakausha, ukawasha, ikakwangua, kwa sababu ilikuwa imekaa upande kidogo, upana wa unywele. Ukabandua. Ukabandika tena. Kwamba uliapa hutakanyaga hapa mpaka iimbe.

Basi kumbe hukuwa umenikasirikia. Ama ulikuwa umenikasirikia na unabandika. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja, najua, nilikuwa na mume.

Ukasema, "Kogo, weka kidole hapa. Polepole."

"Itaniuma?"

"Haiumi."

"Itavunjika?"

"Kogo, weka!"

Nikaweka hiki kidole changu kigumu cha kukamia katikati ya karatasi. Ukanyoosha mkono mbele ukawasha.

Kwanza hakuna. Halafu kitu kikanisukuma. Jerono, kilinisukuma kidole kutoka ndani. Unajua ndama mchanga anapokutafuta gizani na pua, anakugusa, anaacha, anakugusa tena? Hivyo hivyo. Nilitaka kutoa mkono, ukanishika kifundo. Na wakati huo huo, kwa sikio la kushoto, kutoka mbali, kama mtu anaita ng'ambo ya mto, nikasikia waimbaji. Halafu waimbaji wakanyamaza kidogo, na kabla ya besi kuingia, mtu mmoja akakohoa.

Yeye. Alikuwa anakohoa hivyo kabla ya kila kitu. Kabla ya kuomba, kabla ya kununua ng'ombe, kabla ya kuniambia jambo nisilolitaka. Kikohozi kidogo, kimoja, cha kufungua mlango. Halafu akaingia kuimba, na kidole changu kikaanza kutetemeka mpaka kwenye kiwiko.

Nimezaa. Nimeona umeme ukipasua mti wa mkaratusi katikati na mti ukabaki umesimama. Lakini sijaona kitu kama hicho. Mtu yuko chini ya udongo, hapo nyuma ya nyumba, nimempandia maua mwenyewe. Na bado kipande cha karatasi, kilichoungua na jua, kilichobandikwa na mtoto niliyemfuta kamasi, kinachukua pumzi ya mtu huyo na kunisukuma kidole. Nilikuuliza inafanyaje. Ukasema kuna sumaku, kuna waya, umeme unavuta na kuachia. Nimeelewa. Na bado nashangaa. Kuelewa hakukunipunguzia hata kidogo.

Nilipouliza pia juu ya jua nilishangaa hivyo hivyo. Ukasema kioo kinalikaribisha ndani halafu hakiliachi litoke. Ukasema hapa kwetu juu, tuko karibu nalo zaidi, hewa ni nyembamba, kwa hivyo linachoma hata kama huoni joto. Fikiria kitu kinatoka mbali namna ile, hakichoki njiani, kinapita baridi yetu yote kimya kimya, na kinakuja kukaa juu ya karatasi. Nilikuwa nalitazama maisha yangu yote na nikaliita mgonjwa. Leo jioni lilipokuwa linatua huko upande wa Chepsaita nililisimamia nikalitazama kwa adabu.

Sasa jibu lako.

Sitakudanganya. Nataka zibaki. Ulipoondoka nilizunguka nyumba yote natafuta mahali pa kuziweka. Nikaona juu ya kabati, pale penye picha ya harusi. Nikaona kabisa vile ningezitandikia kitambaa cha krosheti kama nilivyotandikia viti vyote vya sebuleni, na ua la plastiki juu. Nikakaa nikaviangalia hivyo vitambaa. Nikajua. Zikibaki kwangu zitakuwa kitu cha kupanguza vumbi. Mimi siwezi kuziwasha, na siku zikianza kukwangua sitasikia kwamba zinakwangua. Babu yako hakuziweka nyumbani. Aliziweka mahali ambapo mlango unafungwa na mtu anakaa karibu.

Na wewe unakwenda mahali usipomjua mtu. Utamaliza kazi jioni, umewatengenezea watu wengine redio zao, wameondoka wakiimba, na wewe umebaki na koleo mkononi. Sitaki uwe huko bila mtu wa kwenu. Nenda naye. Jioni funga milango, umsikilize akikohoa.

Nenda nazo zote mbili.

Lakini hilo jua la huko si hili. Kwa hivyo kuna kitu utakikuta juu ya meza, kimefungwa kwa leso. Ni kabuti. Usipige kelele kwamba nimelikata. Ndiyo, nimelikata, Mama Njeri alishika upande mmoja mimi nikashika mkasi. Nimetoa vipande viwili vya ukubwa wa ubao, kimoja cha kutumia, kingine kikichoka cha kwanza. Juu yake nimeshonea shuka yangu nyeupe ya pamba. Mama Njeri alitaka tutumie nailoni, eti inang'aa na haishiki vumbi. Nikamwambia nailoni niliijua na maharagwe: ukifunika nayo kwenye jua, chini inalowa jasho, na kitu kinaoza badala ya kukauka. Na kitambaa cha rangi ya giza peke yake kinakula joto, ng'ombe mweusi ndiye wa kwanza kukimbilia kivuli. Kwa hivyo nyeupe ikae juu, itazamane na jua. Kabuti likae chini, zito, lizuie. Lakini lisilalie karatasi, lishikwe na wavu. Na ukitaka kumsikiliza, ulifunue kwanza, asiimbie ndani ya koti.

Lilishonwa kwa ajili ya baridi ya saa kumi na moja asubuhi, mtu akiwa na ndoo kati ya magoti. Sasa linakwenda kuzuia jua la Turkana. Nimelifikiria hilo tangu mchana na nimeshindwa kulimaliza.

Wewe ni fundi, unajua mambo ya kubandika vioo karatasi nyeusi na kuacha dirisha wazi kidogo joto lipumue. Utafanya. Mimi najua tu lile moja nililofundishwa na masinia: jua la kuogopwa ni la jioni, kwa sababu wakati huo wewe unafikiri siku imekwisha. Ukiegesha, uliza mgongo wa gari utaangalia wapi saa kumi, si saa hiyo unayoegesha. Kama hakuna kivuli, kichwa cha gari ndicho kitazame magharibi, chuma kivumilie. Na ukisahau siku moja, usikae mbali na watu kwa aibu. Beba gundi.

Mama Njeri anauliza kama ameandika "nakupenda." Nimemwambia nimeshona mpaka sindano imenitoboa, aandike nini tena. Ameandika hivyohivyo, namwona anatabasamu. Acha.

Haya. Stoo nimesema ifunguliwe upande wa kulia. Mahindi yatakayobaki yatapangwa kushoto peke yake, mwaka huu na mingine, hata yakijaa namna gani, na mtu akiweka gunia upande wa kulia atanijua. Hapo ni pa gari.

Sasa siku ukirudi kutoka huko, usipige honi, sitasikia. Usiegeshe uani hata kama unatoka saa hiyo hiyo. Rudisha gari kinyumenyume mpaka chini ya paa, mgongo ndani, uso nje, kama alivyokuwa anafanya. Funua kabuti, ulikunje uliweke kitini. Halafu uje jikoni unishike mkono, unipeleke, unikalishe nyuma. Huenda kwa wakati huo hata sikio la kushoto litakuwa limefunga duka. Si kitu. Usiwashe kabla sijaweka kidole.

Kogo wako